Kinyonga Aliyelipa Kodi

Mwanzoni mwa 2018, miezi mitatu baada ya kuacha chuo, nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka la kutengeneza kompyuta pale Mwembe Tayari, Mombasa. Mbele yangu alisimama mpiga picha wa harusi, kadi ya kamera mkononi. Alitaka picha zihamishwe kwenye flashi mbili, tena haraka, kwa sababu bwana harusi alikuwa anapiga simu kila dakika tano. Nikachomeka kadi kwenye laptopu yangu. Laptopu ikakataa. Haikusema kadi imeharibika, ilisema tu haijui namna ya kuisoma. Fundi mwenye duka akaichukua, akaiweka kwenye mashine yake ya Windows, ikafunguka papo hapo.

Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba. Ndani yake nilikuwa nimeweka openSUSE, aina ya Linux yenye nembo ya kinyonga wa kijani, kutoka kwenye DVD niliyoiokota kwenye droo ya duka hilohilo. Niliiweka kwa sababu moja tu: ilikuwa ya bure, nami sikuwa na kitu. Nikaanza kumwomba mteja radhi kwa niaba ya mashine yangu, lakini fundi akanikatiza.

"Si mbovu hiyo, kijana. Kuna mtu anadai kodi hapo."

Mteja alipoondoka akaongeza huku anacheka, "Na huyo kinyonga wako ndiye alikuwa wa kwanza kukubali. Wenzake walimwita msaliti."

Nilikuwa nimesomea kompyuta karibu miaka miwili kabla ya karo kunishinda, na hakuna mhadhiri aliyewahi kunitajia habari hii. Kodi gani? Kwa nani? Ilibidi nisome mwenyewe, usiku, kwa bando za shilingi ishirini. Nilichokikuta ni hadithi ya mkataba mmoja wa mwaka 2006, na bado kinanikera kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na kompyuta. Nitaifikia.

Kwanza turudi kwenye kadi. Kuna haki za aina mbili ambazo watu huzichanganya. Hakimiliki hulinda maandishi. Ukiandika programu, siwezi kuinakili nikaiuza, kama vile siwezi kunakili riwaya yako. Lakini naweza kukaa chini nikaandika yangu inayofanya kazi ileile, na huna la kuniambia. Hataza, au patenti kama wengine wanavyoiita, ni mnyama mwingine. Hataza hulinda namna ya kufanya jambo, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ya kuombwa. Mwenye hataza anaweza kumzuia hata mtu ambaye hajawahi kuiona kazi yake, aliyeigundua njia hiyohiyo peke yake akiwa chumbani kwake Kericho.

Chukua majina ya faili. Enzi za DOS, jina la faili lilikuwa herufi 8 na nyingine 3 za mwisho, basi. Microsoft walipotaka majina marefu bila kuvuruga programu za zamani, walibuni ujanja: kila faili ipewe majina mawili, moja refu na moja fupi, yakae pamoja bila kugombana. Ndiyo maana baadhi yenu mmewahi kukutana na kitu kama BARUAY~1.DOC. Ni ujanja mzuri, sikatai. Wakauchukulia hataza Marekani. Na kwa kuwa mfumo huo wa kupanga faili, unaoitwa FAT, ndio uliotumika kwenye flashi na kadi karibu zote, kifaa chochote kilichotaka kusoma kadi zenye majina marefu kilikuwa kinakanyaga shamba la mtu. Kadi ya yule mpiga picha ilitumia exFAT, mdogo wake FAT, ambao nao ulikuwa na hataza zake.

Utaniuliza, haya mambo ya Marekani yanatuhusu nini? Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya 2001 haihesabu kanuni za hisabati wala mbinu za kufanya biashara kuwa uvumbuzi wa kupewa hataza, na programu ya kompyuta hapa hulindwa kwa hakimiliki, kama kazi ya fasihi. Ulaya pia walikataa: tarehe 6 Julai 2005 bunge lao liliutupa mswada wa hataza za programu kwa kura 648 dhidi ya 14. Lakini anayetengeneza simu au kamera hatengenezi moja ya Marekani na nyingine ya Kongowea. Anatengeneza moja, na anaitengeneza akimwogopa yule mwenye sheria kali zaidi. Kodi inaanza kulipwa mbali sana na kwetu, sisi tunakutana nayo imeshaingia kwenye bei.

Waandishi wa programu huria waliiona hatari hii mapema. Programu huria, kwa ufupi, ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: unaruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Leseni inayolinda ruhusa hizo kwenye Linux ni GPL, toleo la 2, iliyotoka Juni 1991 kwa mkono wa Richard Stallman na wenzake. Ndani yake kuna kifungu cha 7 ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, ingawa kinasomeka kama barua ya wakili mwenye homa. Kinasema hivi, kwa maneno yangu: ikitokea hataza au hukumu ya mahakama ikakubana mpaka huwezi kumpa mwenzako programu na ruhusa zilezile ulizopewa wewe, basi usigawe kabisa. Ama wote wapate, ama asipate mtu. Lengo lake lilikuwa kumzuia tajiri mmoja asiende kwa mwenye hataza, akanunua amani yake peke yake, akawaacha wengine nje.

Kwa miaka 15 kifungu hicho kilitosha.

Sasa tuingie kwa kinyonga. SUSE ilianzishwa Ujerumani mwaka 1992, na Novemba 2003 ikatangazwa kwamba inanunuliwa na Novell, kampuni iliyokulia Utah, kwa dola milioni 210. Novell iliwahi kuwa jina kubwa. Programu yake ya NetWare ndiyo iliyounganisha kompyuta za maofisi kabla Windows haijashika kila kitu. Kufikia wakati huo ilikuwa kama mzee aliyebaki na suti nzuri na deni. Linux ilikuwa njia yake ya kurudi mjini.

Na ilirudi kwa heshima, hilo lazima lisemwe. Machi 2003 kampuni nyingine ya Utah, SCO, ilikuwa imeishtaki IBM ikidai dola bilioni 1 kwa madai kwamba msimbo wa Unix umeibwa ukatiwa ndani ya Linux. Wateja wakaogopa. Novell ndiyo iliyosimama na kusema: ngojeni, hakimiliki za Unix hatukuwahi kuwauzia nyinyi, bado ni zetu. Kesi ilivutana miaka na mikaka, na mwaka 2010 mahakama ya Utah ikathibitisha hivyo. Novemba 2005, Novell ilikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Open Invention Network, pamoja na IBM, Philips, Red Hat na Sony, chama cha kukusanya hataza kwa ajili ya kuilinda Linux. Kwa hiyo huyu alikuwa mwenzetu hasa, tena aliyeshika panga mlangoni.

Ndiyo maana tarehe 2 Novemba 2006 iliuma vile. Siku hiyo, San Francisco, Steve Ballmer wa Microsoft na Ron Hovsepian wa Novell walisimama jukwaa moja wakatangaza ushirikiano. Mengi yalikuwa ya kawaida, Windows na Linux zifanye kazi pamoja na kadhalika. Lililobeba uzito ni pesa na ahadi. Microsoft iliilipa Novell dola milioni 348 mkononi: milioni 240 za kununua kuponi za huduma ya SUSE ambazo Microsoft ingewagawia wateja wake, na milioni 108 kwa upande wa hataza. Novell nayo ikakubali kuirudishia Microsoft angalau milioni 40 ndani ya miaka mitano, sehemu ya mauzo yake ya Linux. Kwa hiyo fundi wangu alikosea kidogo. Kinyonga alilipwa kuliko alivyolipa. Lakini alilipa, na hilo ndilo lililotakiwa.

Ujanja wa kisheria ulikuwa hapa. Kama Novell ingechukua leseni ya hataza kwa jina lake, kifungu cha 7 kingeinasa: huwezi kupitisha ruhusa hiyo kwa wote, basi usigawe Linux. Mawakili wakaizunguka. Novell haikuchukua leseni. Badala yake Microsoft iliwaahidi wateja wa Novell moja kwa moja kwamba haitawashtaki, na Novell ikawaahidi hivyohivyo wateja wa Microsoft. Novell yenyewe ikabaki mikono mitupu, safi, haikupewa chochote, kwa hiyo haina cha kupitisha wala cha kukinyima. Herufi za leseni hazikuguswa. Nilipoelewa jambo hili mara ya kwanza, saa nane za usiku, nilicheka peke yangu. Si kwa furaha.

Kulikuwa pia na ahadi kwa waandishi wadogo: asiyelipwa, anayeandika msimbo kwa kujifurahisha tu, hatashtakiwa. Nilijipima. Mimi huchaji shilingi 300 kuhamisha picha. Ahadi hiyo haikunihusu.

Wiki mbili baadaye, tarehe 16 Novemba, Ballmer akiwa Seattle alieleza wazi alichokinunua. Alisema Linux inatumia mali ya kiakili ya Microsoft, kwamba Novell imeonyesha njia, na kwamba kampuni nyingine zinazotumia Linux zina deni lililojificha kwenye vitabu vyao vya hesabu. Siku nne baadaye Hovsepian akaandika barua ya wazi: hatukukiri kitu, hatuamini kwamba Linux inavunja hataza yoyote ya Microsoft. Microsoft ikajibu kwa upole kwamba wamekubaliana kutokubaliana.

Hapa ndipo inaponikera.

Nimelelewa na nyanya yangu Kisauni, kwenye nyumba ambayo ni yake na si yake. Wenye asili ya Mombasa wanaelewa: nyumba umejenga wewe, ardhi chini yake ni ya mtu. Unalipa kodi ya ardhi kila mwezi kwa wakala anayekuja na kitabu cha risiti. Nilipokuwa darasa la sita, majirani wa mtaa wetu walikubaliana kugoma. Walimwambia wakala alete hati na ramani, awaonyeshe mpaka unapoanzia na unapoishia, ndipo watalipa. Wakala hakuleta kitu. Alikuja jioni moja mlangoni kwa nyanya, kimya, akamwambia akilipa yeye hatasumbuliwa yeye na wajukuu zake. Nyanya akalipa. Akakata risiti, akaiweka chini ya godoro.

Kesho yake wakala alipita nyumba hadi nyumba. "Mbona mama yule amelipa? Asingelipa kama ardhi si yetu." Risiti ya nyanya, ambayo yeye aliiona kama kinga, ikawa ushahidi dhidi ya mtaa mzima. Mgomo ukavunjika mwezi uleule. Kuna nyumba mbili ambazo hazikutusalimia mpaka nilipomaliza shule ya msingi.

Sijawahi kumlaumu nyanya. Alikuwa na watoto wanne ndani na mvua ilikuwa imekaribia. Lakini nilipofika kwenye maneno ya Ballmer nilimwona yule wakala, na kitabu chake kwapani. Novell, kwa upande wake, haikuwa nyanya wa mtu. Ilikuwa na mawakili, ilikuwa na hataza zake yenyewe za kujibu mapigo, na ilikuwa na akili ya kujua risiti yake itasomwa wapi. Kusema baadaye ati hatukuamini kwamba tunadaiwa, kwangu kunazidisha kosa. Kwani ukilipa deni usiloliamini, unamlipia nani?

Mmoja ndani ya Novell aliona hivyo. Jeremy Allison alikuwa kati ya waandishi wakuu wa Samba, programu inayoziwezesha mashine za Linux na za Windows kubadilishana faili. Ofisi nyingi unazozijua zinaitumia bila kujua. Desemba 2006 alijiuzulu. Aliwaambia wakubwa wake kwamba hata kama mkataba haukuvunja herufi za GPL, ulivunja nia yake. Akaenda Google, hakulala njaa, lakini barua ya kujiuzulu ni barua ya kujiuzulu.

Mei 2007 wakala akaja na hesabu. Kupitia jarida la Fortune, Microsoft ilisema programu huria zinavunja hataza zake 235: kiini cha Linux 42, madirisha na sura ya skrini 65, OpenOffice 45, programu za barua pepe 15, na nyinginezo 68. Ni hesabu safi kabisa, inajumlika. Kilichokosekana ni orodha. Ni hataza zipi? Namba gani? Mstari gani wa msimbo? Hakuna. Na kimya hicho kilikuwa na maana yake: wangetaja, wapangaji wangeandika upya sehemu hiyo ndani ya wiki moja, au wangeenda mahakamani kuonyesha kwamba wazo hilo lilikuwepo zamani. Mpaka usioonyeshwa hauwezi kubishwa.

Hapo kwenye OpenOffice 45, nilisimama. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu walikaa wakatafsiri OpenOffice kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Walikuwa wamekesha wakibishana msamiati ili mtu aandike barua kwenye kompyuta bila kujua Kiingereza. Miaka mitatu baadaye, programu hiyo ikawa kwenye hesabu ya wakala, nyumba namba fulani. Hakuna aliyekwenda Dar kudai chochote. Lakini mwalimu au mkurugenzi anayetaka kuchagua programu za ofisi yake angesoma Fortune, halafu angechagua nini?

Upande wa pili nao haukulala. Kwa bahati, GPL toleo la 3 lilikuwa linaandikwa wakati huohuo, rasimu baada ya rasimu. Kikatiwa kipengele kipya kwenye kifungu cha 11: ukifanya mkataba wa kulinda baadhi tu ya wapokeaji dhidi ya hataza huku ukigawa programu, unajinasa. Watu wengi walitaka Novell ipigwe marufuku moja kwa moja. Haikupigwa. Leseni iliyotoka tarehe 29 Juni 2007 iliweka mstari: mikataba ya kabla ya tarehe 28 Machi 2007 iachwe.

Kwa nini? Hapa ndipo Eben Moglen, wakili wa upande wa programu huria, alipoonyesha kwamba mawakili wazuri hawako upande mmoja tu. Zile kuponi! Microsoft ilikuwa inazinunua na kuzigawa yenyewe, na hazikuwa na tarehe ya kuisha. Mteja akileta kuponi yake siku ambayo ndani ya SUSE kuna programu za GPL 3, basi Microsoft itahesabiwa kuwa imesaidia kugawa programu hizo, na kwa masharti ya leseni, ahadi yake ya kutoshtaki itaenea kwa kila mtu duniani anayezitumia. Novell ikiachwa ndani, mtego unabaki umetegwa. Ndani ya siku chache, mwanzoni mwa Julai, Microsoft ilitoa tangazo kwamba haifungwi na GPL 3 na kuponi zake hazihusu programu za leseni hiyo. Ukiona mtu anaruka hivyo, jua ameona kitu kwenye nyasi. Lakini nisiuze chumvi: kiini cha Linux chenyewe kilibaki na toleo la 2 mpaka leo, kwa hiyo mtego ulilinda vyumba, si msingi wa nyumba.

Wengine walianguka upesi. Juni 2007 peke yake, Xandros na Linspire walitia saini mikataba kama ya Novell, na leo ni majina ya kuuliza wazee. Red Hat walikataa. Mark Shuttleworth wa Ubuntu alikataa, akisema ahadi kuhusu hataza zisizotajwa haina thamani. Mandriva ya Ufaransa walikataa pia. Hao Mandriva, mwezi Oktoba mwaka huohuo, walilalamika hadharani kwamba kompyuta ndogo 17,000 za shule Nigeria, zilizokuja na Linux yao, zingebadilishwa kuwekwa Windows baada ya Microsoft kuzungumza na muuzaji juu ya mkataba wa matangazo wa dola 400,000. Taarifa zilizofuata zilisema shirika la serikali lililofadhili mradi lilitaka Mandriva ibaki. Hiyo haikuwa kesi ya hataza, lakini nimeitaja kwa sababu sisi Waafrika hatutajwi mara nyingi katika hadithi hii, na tulipotajwa tulikuwa mzigo unaogombewa.

Februari 2009 ndipo Microsoft iliposhtaki kweli, na haikushtaki jitu. Ilishtaki TomTom, kampuni ya Uholanzi ya vifaa vya kuonyesha njia kwenye magari, vilivyotumia Linux. Miongoni mwa hataza zilizotajwa: yale majina marefu na mafupi ya FAT. Mwezi mmoja na siku chache TomTom ikalipa. Halafu ikaja zamu ya simu. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na mmoja baada ya mwingine watengenezaji walitia saini, HTC mwaka 2010, Samsung 2011. Karatasi za mahakama za 2014 zilifichua kwamba Samsung ilikuwa imelipa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka mmoja. Samsung yangu ya kwanza, ya mkono wa pili, yenye kioo kilichopasuka, ilikuwa ya miaka hiyohiyo. Programu iliyokuwa ndani ilikuwa ya bure, na mtu alikuwa ameikatia risiti.

Orodha ya mipaka, au sehemu yake, ilikuja kuonekana mwaka huo wa 2014, tena kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia: Wizara ya Biashara ya China, ilipokuwa inapitia ununuzi wa Nokia, iliweka hadharani orodha ya hataza zaidi ya 300 ambazo Microsoft ilizihusisha na Android. Mwaka huohuo, Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua katika kesi ya Alice kwamba kuchukua wazo la kawaida ukalitia kwenye kompyuta hakulifanyi kuwa uvumbuzi. Hataza nyingi za programu zikaanza kuyeyuka mahakamani.

Na Novell? Novemba 2010 ilitangaza kuuzwa kwa kampuni iitwayo Attachmate kwa dola bilioni 2.2. Ndani ya dili hilo kulikuwa na dili jingine: hataza 882 za Novell ziende kwa kundi lililopangwa na Microsoft, pamoja na Apple, Oracle na EMC, kwa dola milioni 450. Soma tena. Hataza za kampuni iliyosimama mlangoni dhidi ya SCO, zikabidhiwe waliokuwa nje ya mlango. Wizara ya Sheria ya Marekani iliingilia Aprili 2011: Microsoft ikalazimika kuuza fungu lake kwa Attachmate na kubaki na leseni tu, na hataza zilizonunuliwa zikafungwa kwa masharti ya GPL na ya Open Invention Network. Milioni 348 zilikuwa zimewanunulia miaka minne.

Tarehe 10 Oktoba 2018 Microsoft yenyewe ilijiunga na Open Invention Network, ikaleta hataza 60,000 ambazo haitazitumia dhidi ya Linux. Nilikuwa dukani siku nilipoisoma habari hiyo, nikamwonyesha fundi. Akasoma hadi mwisho, akarudisha simu. "Wamehamia kwenye biashara nyingine," akasema. Ni kweli, siku hizi wanakodisha seva, na seva hizo nyingi zinaendesha Linux. Sidhani walitubu. Nadhani shamba liliacha kuzaa, nao wakajenga ghorofa pembeni. Agosti 2019 wakatangaza kwamba exFAT nayo inaweza kuingizwa kwenye kiini cha Linux, na kabla mwaka haujaisha ikaingia.

Nyanya bado analipa. Wakala wa sasa ni kijana, anapokea kwa M-Pesa, risiti inakuja kwa ujumbe. Ramani hatujaiona.

Yule mpiga picha alirudi dukani 2021, kadi nyingine, harusi nyingine. Laptopu ni ileile, kinyonga ni yuleyule wa toleo jipya. Nikachomeka kadi, ikafunguka, picha elfu moja na kitu zikajipanga kwenye skrini. Akaniuliza mbona nacheka. Nikamwambia ni shilingi 300, bei haijapanda.